Je, Wajua? Barabara Nyeupe za Toscana

Je, wajua kwamba kuna watu waliopigania barabara zao zisitiwe lami? Kwetu mgombea anayetaka kura huanza na ahadi ya lami, na akiona upinzani ni mkali huongeza na daraja. Katika vilima vya Chianti, mkoa wa Toscana, Italia ya kati, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci, mwenyeji wa mji mdogo wa Gaiole, aliwaita wapenda baiskeli wenzake waje na baiskeli za zamani, wapande na kushuka vilima kwa barabara za changarawe, ili watu waone kwamba barabara zile zina thamani na wakome kuzifunika. Walijitokeza 92. Msafara ule waliuita L'Eroica, na siku hizi kila Oktoba hukusanya maelfu ya watu kutoka pembe zote za dunia, wengi wao wakiwa wamevaa jezi za sufu, na wanaume wengine wamefuga masharubu kwa ajili ya siku hiyo tu.

Barabara zenyewe Waitaliano huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe. Huko Chianti zimemwagiwa mawe ya chokaa yaliyopondwa, na jua likiwaka zinang'aa mpaka macho yanauma. Ukivuka mji wa Siena kwenda kusini, kwenye vilima vitupu vya Crete Senesi, unakuta udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya kijivu. Kiangazi vumbi lake huingia hadi ndani ya soksi. Mvua ikinyesha hugeuka tope la kunata linalojaa kwenye breki na kuzuia magurudumu yasizunguke.

Zilisalimikaje, katika nchi iliyojenga barabara kuu za magari mapema kuliko nyingine za Ulaya? Jibu la kwanza ni umaskini. Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana yalilimwa kwa mfumo wa nusu kwa nusu: tajiri alitoa ardhi na nyumba, mkulima akatoa jasho la familia nzima, mavuno yakagawanywa katikati. Kila familia iliishi kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima chake, na kila nyumba ilihitaji njia ya mkokoteni wa ng'ombe. Ndiyo maana barabara hizi ni nyingi na zinapinda bila sababu ya wazi. Hazikuchorwa na mhandisi, zilifuata milango ya watu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vijana walikimbilia viwandani, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya nusu kwa nusu. Nyumba zikabaki mahame. Nani angepeleka lami kwenye nyumba isiyo na mtu? Miaka ikapita, Waingereza na Wajerumani wakaja kuzinunua, bei ya mvinyo ikapanda, na njia za mafukara zikawa mandhari ya kuuzia kalenda.

Je, wajua kwamba mpaka wa Chianti, kwa hadithi ya wenyeji, uliwekwa na jogoo? Miji ya Firenze na Siena iligombania vilima hivi kwa vizazi na vizazi. Inasimuliwa kwamba hatimaye walichoka kuzikana wakapatana: kila mji utoe mpanda farasi mmoja, aondoke kwake jogoo wa kwanza akiwika, na pale watakapokutana ndipo pawe mpaka. Watu wa Siena walichagua jogoo mweupe, wakamlisha akashiba. Wa Firenze walichagua mweusi, wakamfungia gizani bila punje. Siku ilipowadia, mweupe alilala fofofo kwa shibe, mweusi akawika usiku wa manane kwa njaa. Farasi wa Firenze akatimua mbio gizani, na walipokutana pale Fonterutoli, mwenzake alikuwa bado hajafika mbali na kuta za Siena. Karibu Chianti yote ikaangukia Firenze.

Historia iliyoandikwa ni ya damu zaidi kuliko ya jogoo. Tarehe 4 Septemba 1260 jeshi la Siena liliwafyeka Firenze kwenye uwanja wa Montaperti, kando ya mto Arbia. Leo mahali hapo pana kipande kifupi cha changarawe chenye mwinuko mkali, na waendesha baiskeli wa kulipwa hupita hapo kila Machi wakihema. Lakini jogoo ndiye aliyebaki kwenye chupa. Mwaka 1924 wakulima wa mizabibu waliungana katika mji wa Radda na kumchukua jogoo mweusi kuwa nembo yao, na ukipita Chianti leo utamwona kila kona, kuanzia kwenye vibao vya njia panda hadi kwenye mageti ya mashamba.

Tukiwa bado kwenye mvinyo: mwaka 1716 Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri ya kutaja kwa majina mipaka ya maeneo manne yaliyoruhusiwa kutumia sifa ya mvinyo wao, Chianti likiwa moja. Ni miongoni mwa sheria za kale kabisa duniani za kulinda jina la zao kwa mahali linapotoka. Wakulima wa karafuu na kahawa wa upande wetu, ambao majina ya visiwa na milima yao huchapwa kwenye pakiti za watu wengine, wangetamani mtawala wa aina hiyo.

Kisha kuna ngome ya Brolio, iliyo mikononi mwa ukoo wa Ricasoli tangu mwaka 1141. Mmoja wao, Bettino Ricasoli, alikuwa waziri mkuu wa pili wa Italia iliyoungana, mwaka 1861, na kwa ukali wake walimpa jina la Mwinyi wa Chuma. Alipochoka na siasa alirudi Brolio kufanya majaribio ya zabibu, na mwaka 1872 aliandika barua iliyoeleza mchanganyiko wa mvinyo wa Chianti: zabibu ya Sangiovese iwe kiongozi, Canaiolo impunguzie ukali, na kidogo ya Malvasia nyeupe kwa mvinyo wa kunywewa ungali mchanga. Kanuni za leo za Chianti Classico zinadai Sangiovese isipungue asilimia 80, na zabibu nyeupe zilipigwa marufuku kabisa kuanzia mavuno ya 2006. Washiriki wa L'Eroica wa njia ndefu hupanda barabara ya kwenda Brolio kabla ya alfajiri, huku taa ndogo za moto zikiwa zimepangwa kando ya njia chini ya miti ya saipresi. Wengi husema ni hapo walipoona kwamba ada ya kujiandikisha imerudi. Nawaamini, maana baada ya hapo bado wana kilomita karibu 200 za kujuta.

Njia hiyo ndefu ni ya kilomita 209, na jumla ya miinuko yake inapita mita 3,500. Zipo njia fupi kwa wenye akili timamu. Masharti ya baiskeli ndiyo yanayochekesha: iwe ya mashindano, iliyotengenezwa kabla ya 1987, vishikio vya gia viwe kwenye bomba la fremu la chini na si kwenye usukani, waya za breki zining'inie wazi juu, na pedali ziwe na vizuizi vya chuma na mikanda ya kufungia kiatu. Gia za namna hiyo hubadilishwa kwa kuondoa mkono mmoja kwenye usukani, kuinama, na kuvuta kwa kubahatisha, haya yote ukiwa kwenye mteremko wa kokoto. Mabingwa wa zamani walifanya hivyo kila siku.

Je, wajua wasafiri hawa wanakula nini vituoni? Si vidonge wala maji ya rangi. Wanakula mkate uliochovywa mvinyo na kunyunyiziwa sukari, mkate na mafuta ya zeituni, jibini ya kondoo, na bakuli la ribollita, supu nzito ya maharage, kabichi nyeusi na mkate mkavu, inayopikwa leo ili ichemshwe tena kesho. Kwa ufupi ni kiporo, na Watoscana hawaoni haya kukiuza hotelini kwa bei ya chakula kipya. Mkate wao hauna chumvi hata chembe. Mgeni huudhika mara ya kwanza, akija kuutafuna na nyama iliyokaushwa kwa chumvi huelewa.

Tugeuke kwenye vyuma. Katika miaka ya karibuni viwanda vya baiskeli vimepata soko kubwa kwa kitu wanachokiita baiskeli ya changarawe: usukani uliopinda wa baiskeli ya mashindano, breki za diski, gia nyepesi za kupandia milima, na tairi pana za milimita 40 au zaidi, mara nyingi bila tyubu, ndani yake mkiwa na maji ya gundi yanayoziba tundu la mwiba lenyewe kabla hujasimama. Hewa huwekwa kidogo ili tairi ibonyee juu ya kokoto badala ya kurukaruka. Inauzwa kama uvumbuzi. Sasa pima tairi ya Phoenix, ile baiskeli nyeusi ya Kichina iliyobeba mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa na wake wapya kwenye vijiji vya Afrika Mashariki kwa miongo mingi: inchi 28 kwa moja na nusu, yaani upana wa milimita 40 au karibu yake. Fundi wa chini ya mwembe alikuwa amefika zamani. Kilichobaki kwa wazungu ni kupunguza uzito na kuongeza sufuri kwenye bei.

Na kila aliyewahi kuendesha kwenye vumbi anaijua mikunjo ile inayojipanga barabarani kama bati, inayotikisa meno na kulegeza nati. Madereva wengi hulaumu malori au greda. Mwaka 2007 wanafizikia kutoka Kanada, Uingereza na Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: walizungusha meza ya duara iliyojaa mchanga, wakaegemeza gurudumu juu yake. Gurudumu likienda taratibu mno mchanga ulibaki sawa. Lilipovuka kiwango fulani cha mwendo, mikunjo ilijitokeza yenyewe, hata gurudumu likiwa halina injini wala springi, na hata aina ya mchanga ilipobadilishwa. Ukisawazisha inarudi. Dawa pekee ni watu wote waende polepole sana, jambo ambalo halijapata kutokea katika barabara yoyote ya dunia. Waendesha baiskeli wa Toscana hutafuta ukingo mwembamba kushoto au kulia ambako magurudumu ya magari hayajapita, na kwenye kona humwomba Mungu.

Je, wajua kwamba mafanikio ya wazee wa L'Eroica ndiyo yaliyozaa mashindano makubwa ya kulipwa? Tarehe 9 Oktoba 2007 mashindano ya kwanza yaliondoka Gaiole, Mrusi Alexandr Kolobnev akashinda. Mwaka uliofuata yalihamishiwa mwezi Machi, na sasa dunia nzima inayajua kwa jina la Strade Bianche. Hayana hata miaka 20 tangu yaanze, lakini tayari wachambuzi wengi wanataka yahesabiwe pamoja na yale matano ya kale yanayoitwa Minara ya Kumbukumbu ya mchezo huu, yote yakiwa na umri wa zaidi ya karne. Kwangu mimi hayahitaji cheo hicho. Mashindano yanayomalizikia Piazza del Campo hayana haja ya kuomba heshima kwa mtu.

Uwanja huo wa Siena umetandikwa matofali, umegawanyika vipande tisa na unabonyea kuelekea mnara wa jumba la mji. Kila tarehe 2 Julai na 16 Agosti hutandazwa udongo juu yake na farasi wakashindana kwa niaba ya mitaa ya mji, mitaa 17 inayochukiana kwa furaha tangu enzi za kati. Kabla ya kuufikia uwanja, mwendesha baiskeli hupanda kichochoro cha mawe cha Via Santa Caterina, chenye mwinuko wa asilimia 16. Mwaka 2018, siku ya mvua ya baridi na tope, Wout van Aert wa Ubelgiji alikakamaa misuli hapo hapo, akaanguka kando, akasukuma baiskeli, akapanda tena, akashika nafasi ya tatu. Alirudi mwaka 2020, safari hii tarehe 1 Agosti kwa sababu ugonjwa wa korona uliharibu kalenda, vumbi na joto vikiwa vimechukua nafasi ya tope, akashinda.

Fabian Cancellara wa Uswisi alishinda mara tatu, 2008, 2012 na 2016, na kipande kigumu cha Monte Sante Marie, kilomita 11 na nusu za kupanda na kushuka, kikapewa jina lake. Kisha akaja Tadej Pogačar wa Slovenia. Mwaka 2024 alichomoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 81, umbali ambao kwa kawaida ni wazimu, na hakuna aliyemwona tena mpaka mwisho. Mwaka 2025 aliteleza kwenye kona akiwa kasi, akabingirika kwenye vichaka, akainuka na jezi yake ya bingwa wa dunia ikiwa imechanika na bega likitoka damu, akamfuata mpinzani wake Tom Pidcock, akampita, akashinda kwa mara ya tatu. Jambo ambalo watu husahau kulisema ni hili: kona aliyoangukia ilikuwa ya lami. Kokoto za siku nzima hazikumfanya kitu. Miezi sita baadaye, Septemba 2025, huyohuyo alitwaa tena ubingwa wa dunia kwenye vilima vya Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Wanawake wana mashindano yao kwenye barabara hizohizo tangu 2015. Mwaka 2023 Demi Vollering wa Uholanzi alikuwa akifukuzia ushindi kwenye changarawe, mara farasi aliyetoroka shambani akaingia barabarani na kutimua mbio mbele yake. Farasi aliachia njia, Vollering akaendelea, na ndani ya Siena akamshinda mwenzake wa timu moja, Lotte Kopecky, kwa upana wa gurudumu. Katika mji unaoabudu farasi, huenda mnyama yule alidhani ni Julai.

Kuhusu wanawake na vumbi la Italia, kuna jina la kale zaidi. Mwaka 1924 Alfonsina Strada, binti wa wakulima, alijiandikisha kwenye Giro d'Italia, mashindano ya kuzunguka nchi nzima, jina lake likaandikwa bila herufi ya mwisho hivi kwamba lilionekana la kiume. Barabara za siku zile karibu zote zilikuwa za vumbi na mawe. Walianza watu 90. Siku moja ya upepo na mvua usukani wake ulivunjika, wakautengeneza kwa kipande cha mpini wa ufagio, akafika akiwa amechelewa kupita muda. Waandalizi walimruhusu aendelee bila kuhesabiwa. Alifika Milano wakati wanaume wawili kati ya kila watatu walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyeshiriki Giro ya wanaume.

L'Eroica imejengwa juu ya kumbukumbu za kizazi kilichofuata, cha Gino Bartali na Fausto Coppi, ambao ushindani wao uliigawa Italia nusu kwa nusu. Bartali alizaliwa mwaka 1914 Ponte a Ema, kando ya Firenze, na vilima vya Chianti vilikuwa uwanja wake wa mazoezi. Alishinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Hakuna mwingine aliyetenganisha ushindi wake wa Tour kwa miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na vita, na inasimuliwa kwamba alipokuwa akionekana anafanya mazoezi kati ya Firenze na Assisi, ndani ya mabomba ya baiskeli yake mlikuwa na picha na hati bandia za kuwaokolea Wayahudi. Askari wakimsimamisha aliwaomba wasiiguse baiskeli, kwamba imepimwa kwa ajili ya kasi, na wao, kwa kumheshimu bingwa, waliiacha. Baada ya vita hakutaka kulizungumza jambo hilo hadharani. Alifariki mwaka 2000, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua rasmi miongoni mwa watu wa mataifa waliowaokoa Wayahudi.

Na Coppi, je, wajua alikufa kwa nini? Malaria. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, ambayo sasa ni Burkina Faso, kwa mashindano ya maonyesho na kuwinda. Alirudi kwao akiwa na homa. Madaktari wa Italia walitafuta kila ugonjwa isipokuwa huo. Rafiki yake Raphaël Géminiani, aliyelala naye chumba kimoja safarini, aliugua vilevile huko Ufaransa, akapimwa damu, malaria ikaonekana, akapewa kwinini, akapona, akaishi hadi miaka 99. Coppi, mshindi wa Giro mara tano na Tour mara mbili, alifariki tarehe 2 Januari 1960 akiwa na miaka 40. Mganga msaidizi wa zahanati yoyote ya Kigoma au Kisumu angemtoboa kidole kabla ya kumuuliza jina.

Kwa wanaopenda mambo ya kale kuliko hayo: mwaka 2007, katika shamba la mizabibu karibu na Montalcino, ilichimbuliwa mifupa ya nyangumi. Si kilomita chache kutoka ufukweni. Ni bara, kwenye udongo unaotoa mvinyo wa Brunello, ambao kwa sheria husubiri hadi mwaka wa tano baada ya mavuno ndipo uuzwe. Miaka milioni nne au tano iliyopita eneo lote hilo lilikuwa chini ya bahari, na ule udongo wa mfinyanzi unaonata kwenye tairi ni tope la sakafu ya bahari hiyo. Mwezi Mei 2010 Giro ilipita hapo siku ya mvua, ikimalizikia Montalcino. Waliofika walikuwa wamepakwa udongo kuanzia kofia hadi kiatu, nambari hazisomeki. Mshindi alikuwa Cadel Evans wa Australia, aliyekuwa amevaa jezi ya bingwa wa dunia yenye mistari ya rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo hazikuonekana hata moja.

Toscana haimiliki changarawe peke yake. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa baiskeli za changarawe ulifanyika Italia pia, mkoa wa Veneto, mwaka 2022, na wa 2023 ulipita kwenye vilima vya mvinyo wa Prosecco na kumalizikia Pieve di Soligo, Matej Mohorič akishinda kwa wanaume na Kasia Niewiadoma kwa wanawake. Nasi tumo. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race, mashindano ya siku kadhaa katika nchi ya Wamaasai huko Kenya, ambako badala ya mizabibu unakatiza katikati ya ng'ombe na pundamilia, na waendesha baiskeli wa Kenya, Uganda na Rwanda hupambana na Wazungu na Wamarekani bila kulipa nauli ya Ulaya. Marehemu Sule Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Amani, aliyefariki kwenye mashindano ya changarawe Marekani mwaka 2022, alikuwa mmoja wa walioliona mapema kwamba vumbi letu linaweza kuwa uwanja.

Hata hivyo tusidanganyane. Mama mjamzito anayesafirishwa usiku kwenye bodaboda hana haja na mapenzi ya kokoto, na mkulima ambaye nyanya zake zinaozea njiani hatavutiwa na hadithi ya jezi za sufu. Watu wa Gaiole wanaweza kuilinda barabara ya vumbi kwa sababu ile ya lami iko tayari ng'ambo ya kilima na gari la wagonjwa linafika. Chaguo hilo ni la aliyekwisha kupata.

Kwa msomaji anayefikiria kwenda, haya machache. Njia ya kilomita 209 ya L'Eroica imewekewa vibao na iko wazi mwaka mzima, haina kiingilio wala masharti ya baiskeli ya kale. Sharti la kabla ya 1987 ni la siku ya tamasha tu. Nenda Mei, au mwishoni mwa Septemba wakati zabibu zinavunwa. Julai na Agosti jua la huko si la kuchezewa. Usiahidi kilomita 209 kwa siku moja, zigawe kwa tatu au nne. Beba pampu na tyubu ya akiba hata kama tairi zako hazitumii tyubu. Na asiyekunywa hatakosa kitu, zeituni na jibini vinatosha. Anayekunywa asubiri jioni, kwa sababu sheria ya Italia ya gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu inamhusu mwendesha baiskeli sawasawa na dereva wa gari.